Barua ya wazi kwa wanaogawa masafa ya redio: foni ya zoni ya afya isigombanie hewa na malori

Lubumbashi, Jimbo la Haut-Katanga

Kwa Waheshimiwa wote wenye jukumu la kugawa na kulinda masafa ya redio katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Mimi ni fundi wa redio za mawasiliano. Nafunga na kutengeneza foni (yaani redio za kuzungumza za masafa marefu, si simu), antena na betri katika zoni za afya za jimbo letu, na nikiwa mjini nashughulikia redio za magari ya wagonjwa. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida imetushinda. Barua zetu zilipigwa muhuri wa kupokelewa, tukapewa nakala, tukaambiwa tusubiri. Tulipofuatilia tukaambiwa faili limekwenda juu. Huko juu tukaulizwa ni nani aliyetutuma. Wenzangu kadhaa wamechoka, na sasa wanapanga redio za vituo vya afya kwenye masafa yoyote yanayosikika matupu siku ya kufunga. Mimi sitaki kufanya hivyo, maana najua masafa yaliyo matupu leo yana mwenyewe kesho, na atakayeumia ni mgonjwa.

Ombi langu ni hili: masafa ya huduma za umma zinazookoa maisha, yaani afya, zimamoto, uokoaji wa majini na ulinzi wa raia, yatengwe kwa maandishi, orodha yake itangazwe, yalindwe dhidi ya wavamizi, na yasitozwe kama ya biashara.

Sheria hatukosi. Tarehe 16 Oktoba 2002 nchi yetu ilipata sheria mbili kwa siku moja: namba 013/2002 juu ya mawasiliano, na namba 014/2002 iliyounda mamlaka ya usimamizi, ARPTC. Tarehe 25 Novemba 2020 ikaja sheria mpya, namba 20/017. Pia sisi ni wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, na tumo katika Kanda ya 1 pamoja na Afrika nzima na Ulaya. Mkutano wa dunia uliofanyika Geneva mwaka 2015 ulipitia upya Azimio namba 646, linalozihimiza nchi zitumie masafa yanayofanana kwa ajili ya usalama wa umma na misaada wakati wa maafa. Kwa hiyo ninachodai kimeshakubaliwa kwenye karatasi. Nitaeleza kinachotokea huku chini, ambako karatasi hizo hazijafika.

1. Foni ya zoni ya afya haina masafa iliyo na uhakika nayo

Huenda mtu aliyeko Kinshasa anadhani foni ni kitu cha zamani kilichokwisha tangu simu zije. Karibuni Mitwaba, karibuni Pweto, karibuni vijiji vya ufukwe wa Ziwa Moero. Kuna vituo ambako muuguzi lazima apande kilima ndipo simu ishike, na mvua ikianza hata kilimani haishiki. Chumbani mwake ana foni, betri moja ya gari, paneli moja ya jua, na waya wa antena uliofungwa kati ya miti miwili. Kila asubuhi anaita: "Zoni, zoni, hapa kituo, mnanipata?" Akijibiwa, anasoma idadi ya wagonjwa wa kipindupindu walioingia usiku, waliofariki, na chupa za seramu zilizobaki. Kipindupindu hakijawahi kuondoka moja kwa moja kwenye kingo za maziwa yetu, na taarifa hiyo ya asubuhi ndiyo inayoamua gari la dawa lielekee wapi.

Sasa niwaeleze jambo ambalo anayegawa masafa anatakiwa alijue kabla hajatia sahihi. Mawimbi ya foni, yale ya kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali na yalikotoka. Tabaka hilo hubadilika kwa jua. Kwa umbali wa kati ya mji wa zoni na vituo vyake, mchana unahitaji masafa ya juu kidogo, tuseme karibu na megahezi 7. Jua likizama, tabaka hudhoofika, mawimbi yale yale hupita moja kwa moja yasirudi, nawe inabidi ushuke hadi megahezi 3 au 4. Kila zoni, basi, inahitaji masafa mawili kwa uchache, ya mchana na ya usiku. Zoni ninazozihudumia ziliandikiwa moja tu. Karatasi inasema zoni ina mawasiliano, lakini ifikapo saa moja jioni mawasiliano yamekwisha, na uchungu wa kuzaa hausubiri mapambazuko.

Hata hayo masafa ya mchana tunayagombania. Katika kituo kimoja cha ufukweni, muuguzi alikuwa akiomba gari kwa ajili ya mama aliyekwama katika kujifungua. Juu ya sauti yake ilipanda sauti ya mtu wa kampuni moja ya usafirishaji akipanga malori: nani yuko wapi, nani amepata pancha, nani apakie kwanza. Muuguzi aliomba apishwe. Yule akajibu kwamba masafa ni yake na karatasi anayo. Mama alifika lopitali kesho yake kwa pikipiki, akapona. Mtoto hakuishi. Niliporudi mjini nikaomba kuiona karatasi ya kampuni, na kweli ilikuwepo, ina muhuri. Yetu pia ina muhuri. Masafa ni yale yale.

Simlaumu yule wa malori, maana alilipa akaambiwa ni yake. Nauliza: daftari linaloonyesha nani amepewa nini liko wapi, na nani analifungua kabla ya kutoa karatasi nyingine?

Marekani, masafa ya idara za serikali kuu yanasimamiwa na ofisi iitwayo NTIA, na ya watu binafsi, majimbo na miji yanasimamiwa na FCC. Ni ofisi mbili na madaftari mawili, lakini tangu mwaka 1922 kuna kamati, IRAC, ambamo wizara na idara hukaa meza moja kuangalia nani atamgonga nani kabla ya masafa kutolewa. Kuweka watu wa afya, polisi, reli, viwanja vya ndege na mbuga za wanyama mezani mara moja kwa mwezi hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

2. Hapa mjini, waokoaji hawasikilizani

Moto ukishika katika komini zetu za Katuba au Kenya, wanaokwenda ni zimamoto, polisi na gari la wagonjwa. Nimeshika kwa mikono yangu redio za huduma tatu za namna hiyo: moja ya VHF, nyingine ya UHF (bendi mbili tofauti za masafa), ya tatu ya dijitali isiyoelewana na zile mbili. Kila moja ilikuja na mfadhili wake, na hakuna aliyeuliza wenzake wanatumia nini. Mkubwa wa huduma moja akitaka kumwambia mwenzake arudishe watu nyuma, anampigia simu yake binafsi, kama ana salio.

Dunia imeshalipa gharama ya kosa hili. Septemba 11 mwaka 2001 mjini New York, polisi waliokuwa kwenye helikopta waliona hali ya jengo na kuonya, lakini wazima moto waliokuwa ndani hawakuwa kwenye redio za polisi. Wazima moto 343 walikufa siku ile. Tume iliyochunguza ikataka masafa zaidi yatengwe kwa usalama wa umma, na mwaka 2012 sheria ikatenga megahezi 20 katika bendi ya megahezi 700 pamoja na dola bilioni 7 kwa mtandao mmoja wa waokoaji wote. Korea Kusini nayo ilipozama meli ya Sewol mwaka 2014, ikifa na watu 304, ilijenga mtandao wa aina hiyo, ukakamilika mwaka 2021.

Sisi hatuombi mabilioni. Tunaomba chaneli moja ya pamoja ya VHF kwa kila mji, iingizwe katika redio za huduma zote, na sharti liwekwe kwamba msaada wowote wa redio kwa huduma ya umma upitie kwanza kwenye meza ya masafa kabla haujafika forodhani Kasumbalesa.

3. Tozo

Daktari mkuu wa zoni moja alinionyesha fakturi ya tozo ya masafa ya mwaka. Hesabu yake imefuata utaratibu ule ule wa kampuni: idadi ya vituo, upana wa chaneli, nguvu ya mtambo. Zoni yenyewe husubiri miezi kupata fedha za uendeshaji. Mafuta ya pikipiki ya chanjo wanachangishana wauguzi.

Najua kuna hoja ya haki nyuma ya tozo. Uingereza hutoza taasisi za umma, hata jeshi, ili anayekalia masafa bila kuyatumia aone uzito wake ayarudishe. Ni fikra nzuri. Lakini huko hazina huiwekea taasisi fungu la kulipa tozo hiyo, halafu taasisi ikirudisha masafa inabaki na faida. Kumtoza muuguzi ambaye hazina haimfikii ni kumwambia azime foni au awe mwizi wa masafa. Na ndivyo ilivyo: vituo vingi ninavyovijua vinarusha bila karatasi, na siku wakilalamika kuvamiwa hawana pa kushika.

4. Masafa yaliyolala

Kabla ya kutuambia nafasi zimekwisha, tunaomba ukaguzi. Mwaka 2005 Profesa Martin Cave aliifanyia serikali ya Uingereza ukaguzi wa masafa yaliyoshikwa na taasisi za umma, nani anatumia na nani amekaa nayo tu. Mwaka 2010 serikali ikajiwekea lengo la kuachia megahezi 500 zilizo chini ya gigahezi 5 ifikapo 2020. Aprili 2018 sehemu ya masafa yaliyokuwa ya jeshi ikapigwa mnada, na hazina ikapata zaidi ya pauni bilioni 1.3. Jeshi halikufa. Lilijipanga upya ndani ya masafa yaliyobaki.

Kwetu kuna nafasi iliyo wazi hata kabla ya ukaguzi mkubwa. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini, ilifunga kazi zake Tanganyika mwaka 2022 na Kivu Kusini mwaka 2024. Kwa miaka mingi walikuwa na chaneli zao za foni na za VHF kutoka milima ya Kivu hadi Kalemie. Masafa hayo yamerudi kwa nani? Yapewe kwanza huduma za afya na za uokoaji za majimbo hayo hayo, kabla hayajaingia kwenye mnada wowote. Minara mingine bado imesimama.

5. Masafa ya dharura yaliyovamiwa

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa wenye utaalamu wa anga wanalijua kunizidi. Redio za FM zinaishia megahezi 108, na juu yake tu zinaanza za ndege: kwanza vyombo vya kuongozea, halafu kuanzia karibu 118 hadi 137 ni sauti za marubani na mnara. Mitambo miwili ya FM yenye nguvu, ikiwekwa pamoja bila vichujio vizuri, huzaa wimbi la tatu. Chukueni 107.5, izidisheni kwa 2, toeni 95: mnapata 120 kamili, katikati ya bendi ya marubani. Huo ni mfano wa hesabu, simnyooshei kidole mtu. Ila redio za FM zinaongezeka katika mji wetu, na ndege za uwanja wa Luano zinapita juu ya antena hizo hizo. Nani anakwenda kupima baada ya leseni kutolewa?

Majini ni vilevile. Chaneli 16, megahezi 156.8, dunia nzima ni ya kuomba msaada. Ufukweni mwa Moero nimesikia walinzi wa maghala wakiitumia kuulizana chakula. Redio za bei ndogo zinazouzwa madukani hupangwa kwa vidole vya yeyote, na aliyeuziwa haambiwi chochote. Wengine huweka toni (mlio unaoifanya redio isikie zile tu zenye mlio huo huo) wakidhani wamejipatia chaneli ya siri. Toni inawaziba wao masikio tu, hewa wameshaiziba kwa kila mtu.

Waheshimiwa, majibu tutakayopewa nayajua, kwa kuwa nimeshayasikia kwa mdomo katika ofisi mbalimbali.

Tutaambiwa nafasi hakuna. Chaneli nyingi za VHF nchini bado zinagawiwa kwa upana wa kilohezi 25. Marekani iliwalazimisha watumiaji wa bendi hizi kuhamia kilohezi 12.5 kufikia tarehe 1 Januari 2013, na karibu kila redio inayouzwa leo inaweza upana huo kwa kubadilisha mpangilio tu, bila kununua kitu. Palipokaa mmoja panakaa wawili. Redio za dijitali za aina ya DMR hubeba mazungumzo mawili ndani ya kilohezi 12.5 hizo hizo.

Tutaambiwa siku hizi kila mtu ana WhatsApp. Tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilizimwa nchi nzima, na ujumbe mfupi nao, ikawa hivyo kwa karibu wiki tatu. Wagonjwa hawakuacha kuugua wiki zile. Vituo vyenye foni viliendelea kutoa taarifa, na visivyo na foni vilituma mtu kwa baiskeli. Hata bila amri ya mtu, mnara wa simu hukosa mazuti (dizeli), na waya hukatwa. Huduma ya dharura haiwezi kutegemea mtandao wa biashara peke yake.

Tutaambiwa ni siri ya usalama wa taifa. Hatuulizi masafa ya jeshi. Lakini Ufaransa huchapisha jedwali la taifa linaloonyesha kila bendi imekabidhiwa wizara au mamlaka gani, ulinzi ikiwemo, na chombo chake cha ANFR kipo kwa kazi hiyo tangu 1997. Ambalo halichapishwi ni mpangilio wa ndani wa kikosi, na huo hatuuhitaji. Tunahitaji kujua mipaka ili tusiivuke.

Tutaambiwa vifaa vya kukagua hewa ni ghali. Ni kweli, magari ya kupimia yana bei. Lakini hilo daftari la nani amepewa nini halihitaji gari. Malalamiko yenye saa, masafa na mahali, yakipokelewa na mtu mwenye wajibu wa kujibu, yangemaliza nusu ya migongano ninayoikuta kazini.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba kwa heshima na kwa msisitizo:

a) Ndani ya siku 90, itangazwe orodha ya masafa yaliyotengwa kwa afya, zimamoto, uokoaji na ulinzi wa raia, kwa kila jimbo, ya mchana na ya usiku kwa upande wa foni.

b) Kila karatasi iliyotolewa kwa kampuni juu ya masafa hayo ifutwe, na kampuni ipewe mengine bila kulipa mara ya pili, kwa kuwa kosa si lake.

c) Huduma za afya na zimamoto za umma zisamehewe tozo ya masafa, au serikali kuu iilipe kwa niaba yao kwenye bajeti, kwa mstari unaoonekana.

d) Iundwe kamati ya watumiaji wa umma, na majimbo yawemo. Masafa ya Pweto yasigawiwe na mtu ambaye hana wa kumuuliza aliyeko Pweto. Na kwa kuwa tumepakana na Zambia, si mbali na hapa, kamati hiyo iwe na mtu wa kuzungumza na wenzetu wa ng'ambo.

e) Ukaguzi wa masafa yote yaliyoshikwa na taasisi za umma ufanyike, na matokeo yapelekwe Bungeni.

f) Kila jimbo liwe na namba moja na mtu mmoja wa kupokea taarifa za uvamizi wa masafa ya dharura, na ajibu ndani ya saa 48.

Nakala za karatasi zile mbili zenye masafa yale yale ninazo, pamoja na daftari la muuguzi lenye tarehe na saa. Nitazileta popote nitakapoitwa, Lubumbashi au Kinshasa, mbele ya mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuamua. Nikiitwa na kijana wa mapokezi kuja kuambiwa nisubiri, sitakuja.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zangu za dhati.

Fundi wa redio za mawasiliano
Komini ya Kampemba, Lubumbashi

Nakala kwa:
– Waheshimiwa wabunge wa taifa waliochaguliwa Haut-Katanga
– Waheshimiwa wabunge wa jimbo
– Madaktari wakuu wa zoni za afya
– Mashirika ya raia ya Lubumbashi, Likasi, Kilwa na Pweto